Oili ya gari la turbo hapa Mombasa: tuache kuchagua kwa kuogopa joto

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Swali ninaloulizwa zaidi na watu walionunua gari la turbo ni hili: "Kwetu pwani joto kali, si nitie oili nzito?" Nimeamua kulijibu kwa urefu, maana jibu la mkato halimsaidii mtu, na turbo ikishakufa hasara yake inazidi oili ya miaka kadhaa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge. Joto la Mombasa si sababu ya kutia 20W-50, oili nzito, kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30, oili nyepesi. Kinachoua turbo hapa ni oili iliyochakaa, oili isiyo na kiwango kinachotakiwa na injini ile, na oili iliyopungua bila mwenye gari kujua.

Tuanze na turbo yenyewe. Moshi unaotoka injini unazungusha gurudumu la upande mmoja, shafti inapeleka mzunguko huo upande wa pili, na gurudumu la huko linasukuma hewa kuingia injini. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo za magari ya mjini hufika hata 200,000. Kwenye injini ya petroli moshi unaoipiga unaweza kukaribia digrii 1,000. Turbo nyingi hazina beringi za gololi. Shafti inaelea kwenye utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili hiyo hiyo ndiyo inayoondoa joto kwenye shafti. Kwa hiyo turbo inadai mambo mawili: oili ifike upesi, na isiungue ikifika.

Sasa njoo kwenye joto letu. Alfajiri hapa ni kama digrii 24 au 25, mchana wa Februari na Machi 32 au 33. Oili ndani ya injini iliyokwisha kupata moto iko kati ya 90 na 110, na ndani ya turbo inapita hapo kwa mbali. Maji ya radieta yanashikiliwa na thamostati kwenye kiwango kile kile uwe Limuru au Likoni. Digrii kumi za hewa ya nje ni kitu kidogo sana kwenye hesabu hiyo. Lakini asubuhi unapowasha gari, digrii 25 kwa oili bado ni baridi, na hapo ndipo uzito unapoumiza. Kwenye digrii 40 tu, 20W-50 ya kawaida ina mnato zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Turbo iko juu na mbali na pampu, nayo inangoja.

Nambari ya mbele, ile yenye W, inaeleza oili inavyotembea kwenye baridi kali: 5W inapimwa kwenye digrii 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Baridi hizo hatuzijui, ndiyo maana watu hudhani nambari hiyo haituhusu. Inatuhusu, kwa sababu oili inayowahi kule kwa kawaida inawahi na hapa unapopiga stata.

Nambari ya nyuma ni mnato kwenye digrii 100. Kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya galoni, nacho ndicho cha maana zaidi kwa turbo: oili inavyohimili ikibanwa na kusuguliwa kwenye digrii 150. Kinaitwa HTHS. Oili ya 30 inatakiwa isishuke chini ya 2.9. Ya 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Ya 20W-50 isishuke chini ya 3.7. Tazama hapo vizuri. Ukitoka 5W-40 kwenda 20W-50 kima cha chini kinapanda 0.2 tu, na kwa hiyo 0.2 umejitwisha oili nzito kila asubuhi. Mtu anayetaka utando mnene zaidi, na kitabu cha gari lake kikiruhusu, 5W-40 sinthetiki inamtosha.

Mambo ya nambari yameisha. Sasa geuza galoni usome nyuma, maana huko ndiko kwenye uamuzi.

Kwa petroli, tafuta herufi za API, kiwango cha Marekani. SN ilikuja 2010, SP ikaja Mei 2020. Injini za turbo ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wao: mafuta huweza kuwaka kabla ya cheche, gari likiwa kwenye mizunguko midogo na umekanyaga sana. Mripuko huo huvunja pistoni. Ilikuja kuonekana kwamba oili yenye kalsiamu nyingi kwenye viambato vyake vya kusafishia inauchochea, ndipo watengenezaji wakapunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu. SP imepimwa kwa jambo hilo. Ukiwa na Forester yenye injini ya FA20, Golf ya TSI, au gari lolote la petroli la namna hiyo, SP si anasa. Na mguu wako una kazi pia: unapopanda daraja la Nyali nyuma ya matatu, shuka gia kwanza ndipo ukanyage.

Magari ya Ulaya yana kanuni zao juu ya hizo. VW na Audi: 502 00, 504 00, 508 00. Mercedes: 229.5, 229.51 na ndugu zake. BMW: LL-01, LL-04. Gari likidai kanuni, oili iwe imeiandika kwa ukamilifu. Maneno kama "inafaa magari yote ya Ulaya" hayatoshi.

Muda wa kubadilisha ndio naugombania kuliko jina la kampuni. Watengenezaji kadhaa wa Japani, Toyota mmojawapo, kwa magari ya petroli ya turbo yanayouzwa kwao huandika kilomita 5,000 au miezi 6, kipi kitangulie. Na kwa matumizi magumu wanakata nusu: 2,500 au miezi 3. Matumizi magumu kwao ni safari fupi fupi, kukaa kwenye foleni injini ikinguruma, milima, na barabara mbovu. Mtu wa Kisauni anayeingia mjini kila siku kwa foleni ya Nyali, anasimama, anasogea, anazima, anawasha: huyo yumo kwenye matumizi magumu, hata kama gari lake linang'aa. Mimi nasema 5,000 kwa oili sinthetiki isivukwe, na asiyefikisha 5,000 kwa miezi 6 abadilishe vivyo hivyo.

Leteni maswali. Andikeni aina ya gari, mwaka, na kama mnaweza namba ya injini.

Mzee wa Mikindani

Kijana, nimekusoma hadi mwisho. Mimi nina Prado ya dizeli, injini ya 1KD, na tangu niinunue ni 15W-40, kuna wakati 20W-50. Turbo ni ile ile. Hayo ya 5W ni ya nchi za theluji. Sisi tumeendesha malori ya bandarini kabla hamjazaliwa, na oili ilikuwa nzito.

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Kwa Prado yako uko ndani ya haki. Vitabu vya injini za zamani vina jedwali la halijoto, na kwa nchi za joto lile jedwali linaruhusu 15W-40, wengine hata 20W-50. Dizeli ile haina chujio la masizi kwenye ekzosi, nafasi kati ya vyuma vyake ni ya zama zile, na 15W-40 yenye API CI-4 inaihudumia vizuri. Sikuambii uibadilishe.

Ugomvi wangu ni mtu kuichukua kanuni ya 1KD na kuipeleka kwenye Golf ya 2013 au CX-5 ya 2018. Injini hizo mpya zina matundu madogo ya oili, zina vifaa vya kupanga valvu vinavyosukumwa na shinikizo la oili, na za dizeli zina chujio la masizi linaloziba kwa majivu ya viambato vya oili isiyofaa. Prado za dizeli za Kijapani za kuanzia 2015, zenye 1GD, tayari zimo kundi hilo. Ukija kubadilisha gari, usihame na galoni yako.

Na kwa 1KD, mzee wangu, usipitishe kilomita 5,000.

Fundi wa Jomvu

Nakubaliana na mleta uzi, naongezea ya gereji.

Hiyo 1KD ina jambo moja ambalo watu hawalitazami. Washa, yaani zile pete za kuzibia, zilizo chini ya injekta zikichoka, moshi wa mwako unapenya unaingia kwenye oili, oili inageuka lami. Ile lami inashuka chini kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba wavu wa kufyonzea oili. Pampu ni nzima, oili imejaa, lakini haipandi. Taa ya oili inawaka mara moja mbili mtu anapokata kona, anaipuuza, halafu turbo na beringi za kreki, shafti kuu ya injini, zinaondoka pamoja. Mzee, siku ukishusha sampu kwa sababu yoyote ile, mwambie fundi wako akuoneshe ule wavu kwa macho.

Subaru zenye injini ya EJ ya turbo za miaka ya 2000 nazo zina lao. Bomba la oili linaloenda turbo limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati, na ndani ya bolti mna kichujio kidogo cha waya. Oili ikichakaa, masizi yanajaa pale. Injini inapata oili kama kawaida, turbo peke yake inakauka. Mteja anakuja analalamika turbo mpya imekufa tena. Aliyemfungia turbo hakuifungua ile bolti. Ukibadilisha turbo ya EJ, bolti ile ifunguliwe na kichujio kisafishwe au kibadilishwe, na bomba la oili lioshwe au liwe jipya. Bila hivyo unapoteza pesa.

Halafu kazi yenyewe ya kumwaga oili. Injini iwe vuguvugu, si ya kuchoma mkono: endesha kidogo, zima, ngoja. Gari likae sawa, lisiinamie upande. Fungua kifuniko cha kujazia ndipo ufungue nati ya sampu, oili itoke kwa kasi na ibebe uchafu. Iache mpaka inadondoka tone tone. Wengi wanafunga mapema kwa sababu mteja yuko mbioni, na oili chafu inayobaki inaichafua mpya papo hapo.

Washa ya nati ni mpya kila mara. Ni ya kubanwa mara moja. Ukirudia ya zamani itavuja, na fundi atakaza zaidi kuzuia uvujaji, na sampu ya alumini ikichanika uzi wake kazi inakuwa kubwa. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula sampu za bati na makopo ya filta, kwa hiyo ukiwa chini ya gari pitisha mkono uone kutu.

Filta nayo mpya kila mara, bila mjadala. Kabla ya kufunga, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikutana inasukumwa nje na oili yote inamwagika barabarani. Paka oili mpya kwenye mpira, kaza kwa mkono. Filta inayoning'inia wima ijaze oili kwanza ndipo uifunge, turbo isikae kavu muda mrefu.

Baada ya kujaza, washa na uache mguu. Usivute akselereta mpaka taa ya oili izime na sauti itulie. Zima, ngoja dakika kadhaa, pima. Usijaze kupita alama ya juu, maana kreki ikiipiga oili inatoa povu, na povu halibebi shafti ya turbo.

Binti wa Bamburi

Asante fundi, asante mleta uzi. Mimi nina Golf ya 2012, 1.4 TSI, imekuja kutoka Japani. Duka moja wameniuzia 10W-40, wakasema ndiyo wanayouza kwa Golf zote. Pia gari linaniwashia taa ya njano ya oili kabla ya sevisi kufika. Nimeambiwa turbo imekwisha. Moshi sioni.

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Dadangu, usifungue turbo bado.

Kwanza oili. Injini yako inataka VW 502 00, au 504 00. Ukiwa unabadilisha kila 5,000, 502 00 ya 5W-40 sinthetiki ni chaguo zuri na si ya kutafutwa kwa tochi. Hiyo 10W-40 huenda ni oili njema kwa gari lingine, lakini kama nyuma haina 502 00, si yako. Mtu asikuuzie 508 00 kwa sababu ni mpya zaidi. Hiyo ni 0W-20 ya rangi ya kijani kijani, ya injini zilizoundwa kwa ajili yake, na hairudi nyuma kwenye injini yako.

Pili, ujazo. Injini yako inachukua takriban lita 3.6 pamoja na filta. Ni kidogo. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo imekwenda. Na VW wenyewe kwenye vitabu vyao huhesabu ulaji wa hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000 kuwa unakubalika. Mimi nauona ni mwingi mno, lakini unaonyesha kwamba injini za turbo kula oili kidogo si msiba. Msiba ni kutopima. Taa ya njano inakwambia kiwango kimeshuka. Nyekundu ni shinikizo, na hiyo unazima injini pale pale uliposimama, hata kama ni katikati ya Makupa.

Ili kujua kama ni turbo: mwambie fundi avue bomba la hewa linaloingia turbo, aishike shafti kwa vidole. Mchezo mdogo wa kushoto kulia ni wa kawaida kwa sababu shafti inaelea kwenye oili. Mchezo wa mbele nyuma, au bapa zinazogusa ukuta, hiyo imekwisha. Kama shafti iko sawa, tazama njia ya kupumulia ya injini ikiwa imeziba, kisha uvujaji, kisha ringi za pistoni.

Jambo moja zaidi kwa TSI. Asubuhi ukiwasha ukasikia mnyororo ukikoroma kwa sekunde kadhaa ndipo utulie, usikawie. Kikaza mnyororo cha injini hizo kinasukumwa na oili, na vile vya miaka ile vina sifa mbaya. Oili iliyopungua au iliyochakaa inavimaliza upesi.

Dereva wa Mtwapa

CX-5 dizeli, 2.2, 2017. Mimi shida yangu ni kinyume cha dada. Oili inaongezeka! Nimejaza sawa, baada ya muda iko juu ya alama. Fundi mmoja akasema ni maji ya radieta, fungua injini. Radieta haijapungua.

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Kaka, usifungue injini. Chomoa kijiti cha kupimia uangalie juu ya alama ya kujaa. Kwenye dizeli za Skyactiv kuna alama ya X. Mazda waliiweka kwa sababu wanalijua jambo hili.

Gari lako lina chujio la masizi. Likijaa, kompyuta ya gari inapuliza dizeli ya ziada ili ekzosi ipate moto na masizi yaungue. Sehemu ya dizeli hiyo inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu. Ukiwa kwenye mwendo mrefu kazi inakamilika na dizeli iliyoingia ni kidogo. Ukiwa Mtwapa hadi Kongowea kwa foleni, kompyuta inaanza kuchoma, unafika, unazima. Kesho inaanza upya. Kila mara dizeli kidogo inashuka.

Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, na hiyo ndiyo oili iliyoibeba turbo yako. Ikifika X, mwaga hata kama umebadilisha juzi. Usipunguze kwa kufyonza ukabakisha iliyochanganyika.

Dawa ni mwendo. Mara moja kwa wiki lipeleke gari mahali ambapo litatembea bila kusimama: barabara ya Dongo Kundu kuelekea kusini, au panda hadi Mariakani urudi. Ukihisi injini inanguruma juu kidogo kuliko kawaida na feni imewaka, huenda inachoma. Usizime, maliza mzunguko. Na oili iwe ya kiwango cha ACEA C3 cha Ulaya au JASO DL-1 cha Japani, ambazo zina majivu machache. CI-4 ya mzee wa Mikindani kwako wewe italiziba chujio. Oili kuwa nyeusi mapema isikutishe, kwa dizeli hayo ni masizi na ni kawaida.

Mpita njia wa Likoni

Naomba kueleweshwa hili la kuacha gari linguruma kabla ya kuzima. Nina Forester XT, nimefungiwa taima ya turbo, kile kifaa kinachoiacha injini ingurume kidogo baada ya kutoa ufunguo. Nikifika kivukoni tunaambiwa tuzime, taima inaendelea kunguruma, walinzi wananipigia kelele. Nikizima ghafla naua turbo?

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Huiui. Fikiria umetoka wapi. Umekaa kwenye foleni ya kivuko ukisogea mwendo wa mtu wa miguu. Turbo haikuwa na kazi yoyote muda wote huo, imekwisha kupoa kabla hujafika langoni. Zima tu, na ile taima iondoe kwenye safari za namna hiyo.

Hatari iko kwingine. Umetoka Mombasa umejaza familia na mizigo, unapanda Mazeras kuelekea Mariakani umekanyaga, halafu unakata kuingia kituo cha mafuta na kuzima papo hapo. Gurudumu la moshi liko kwenye mamia ya digrii, oili imesimama ndani ya beringi, inaungua na kugeuka mkaa. Ukirudia mara nyingi mkaa unaziba njia. Kwa hali hiyo legeza mguu kilomita moja mbili za mwisho, au ukifika acha injini dakika moja au mbili. Forester yako, kama ni ya EJ, pia ina maji yanayopita kwenye turbo na kuendelea kuzunguka yenyewe kwa joto baada ya kuzima, na TSI zina pampu ndogo ya umeme inayoendelea kusukuma maji. Kwa hiyo taima si ya lazima kama zamani. Oili safi ina kazi kubwa kuliko taima.

Mzee wa Mikindani

Hapo kwa Mazeras umesema kweli. Nimeona malori pale yakizimwa yangali yanafoka. Sasa kijana, sema na juu ya oili bandia. Galoni ni ile ile, kifuniko ni kile kile, ndani sijui nini.

Fundi wa Jomvu

Hilo naomba nijibu mimi, kwa sababu mteja huja na galoni yake na lawama hubaki kwangu.

Galoni tupu ina soko. Mtu anaiuza nzima, inajazwa upya, inarudi dukani. Kwa hiyo mimi nikimaliza kumjazia mteja naitoboa galoni mbele yake. Fanyeni hivyo majumbani pia.

Wakati wa kununua: pete ya kifuniko iwe imeshikamana na ikatike ukifungua wewe. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni isifutike kwa kidole. Lebo isiwe na kona zinazonyanyuka. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iwepo. Kampuni nyingi siku hizi zinaweka namba ya kukwangua au ya kuskani, itumieni pale pale dukani kabla ya kulipa. Na bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote ya mtaa, iacheni. Muuzaji mwenye haki atakupa risiti yenye jina la oili na kiwango chake. Anayekataa risiti, ondoka. Ukishuku, kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, nao wanapokea malalamiko.

Dereva wa Mtwapa

Nimetoka kuangalia. Alama ya X ipo, na oili imeipita kidogo. Namwaga leo. Je, nitie ile dawa ya kuosha injini kwanza?

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Usitie. Injini iliyohudumiwa vizuri haina haja nayo. Iliyotelekezwa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu dawa inang'oa uchafu kwa mpigo na kuupeleka kwenye wavu wa pampu na bomba la turbo, yale yale aliyoyasema fundi. Ukitaka kusafisha, tia oili yenye kiwango sahihi, tembea kilomita 1,500 au 2,000, mwaga tena na filta mpya. Itasafisha taratibu. Na zile chupa za kuongezea kwenye oili ziache dukani. Oili yenye kanuni kamili imekwisha kuwekewa viambato vyake kwa vipimo.

Kwa wote wenye magari ya Japani: kitabu kilichokuja na gari mnakitupa kwa kuwa kimeandikwa Kijapani. Msikitupe. Kurasa za nyuma zina jedwali, na 5W-30, 0W-20, API, DL-1 na ujazo wa lita vimeandikwa kwa nambari na herufi tunazozisoma sote. Tazameni pia kibandiko cha sevisi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Mwaka ukiandikwa R5 maana yake ni 2023, kwa sababu hesabu yao ya sasa ilianza 2019. Hapo utajua oili iliyokuja na gari ina umri gani. Mimi gari lolote likitoka bandarini nashauri oili na filta vibadilishwe kabla halijaanza kutumika, hata kibandiko kikisema nini.

Binti wa Bamburi

Nimerudi. Fundi amevua bomba, shafti ya turbo haina mchezo wa mbele nyuma. Iliyotoka kwenye sampu ilikuwa kama lita mbili na nusu tu! Tumetia 5W-40 yenye 502 00, filta mpya na washa mpya. Galoni tumeitoboa. Oili chafu ameichukua yeye, asema ana mtu anayeikusanya.

Kijana wa Tudor (mleta uzi)

Vizuri sana dadangu, na vizuri kwamba haikumwagwa mtaroni, maana mitaro yetu inaishia kwenye mikoko na baharini. Sasa andika kilomita za leo. Pima kila unapojaza tangi, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa. Ukifikisha kilomita 1,000 niambie imeshuka kiasi gani kwenye kijiti. Ikiwa chini ya robo lita, endelea na gari lako. Ikipita nusu, tutaanza na njia ya kupumulia kabla ya kumruhusu mtu azungumzie ringi.